Boriti za Mikoko na Majina ya Vipimo Vyake

Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, mti ukatwao katika mwitu wa mikoko hauitwi kwa jina la aina yake tu, bali huitwa kwa unene wake pia. Ulio mwembamba kabisa ni ufito. Ukizidi kidogo huwa upau. Kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Na ule mnene kupita yote ni banaa. Huko Kenya kipenyo cha mazio huhesabiwa kuwa sentimita 8 hadi 11, na cha boriti 11.5 hadi 13.5. Muuzaji huhesabu kwa korija, yaani miti 20.

Kila jina lina kazi yake. Fito hufungwa katika kuta za udongo, na boriti hubeba dari za nyumba za mawe. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Majahazi nayo yalipakia miti hiyo Lamu na Rufiji, yakaipeleka Arabuni, ambako miti ya kujengea ni haba.

Mkoko huzaa kwa namna ya pekee: mbegu yake huota ingali juu ya mti mzazi, kisha huanguka na kujikita topeni, au huchukuliwa na maji. Lakini mkoko uliokomaa ukikatwa, kisiki chake hakichipui tena, tofauti na mchu. Kwa hiyo uzima wa mwitu umo katika miche, na miche haipatikani pasipo miti mizazi iliyosazwa. Mkataji hutafuta mazio na boriti zilizonyooka. Akizimaliza, husalia miti iliyopinda.

Hatari hiyo ilitambuliwa zamani. Serikali ya Kijerumani iliiweka mikoko ya Rufiji katika hifadhi mwaka 1898, na Kenya ikakataza kuiuza nchi za nje mwaka 1982. Huko Gazi, upandaji wa mikoko ulianza mwaka 1991.

Leo neno boriti hutumika hata kwa mhimili wa zege au chuma, hilo litadumu. Lakini mazio na banaa hayana makao mengine ila mwituni. Mwitu ukivunwa bila kipimo, vipimo vyenyewe vitakosa cha kupima.