Elimu ya Mkoloni Ilikuwa Tamu? Tamu kwa Nani!

HAYA tuulizane bila kuoneana haya. Nani hajawahi kumsikia mzee mmoja kijiweni akitamba kwamba elimu ilikuwa ya mkoloni, hii yenu ya siku hizi ni makaratasi tu? Mimi wimbo huo nimeusikia tangu sina ndevu hata moja. Mtaani kwetu Magomeni kuna babu mmoja, darasa la nane la zamani hilo, akikuandikia barua kwa mkono utadhani imepigwa mashine. Akimkuta kijana kamaliza fomu foo na barua ya kuomba kazi inamtoa jasho, basi siku hiyo kijiwe kizima kitakoma. "Mngesoma kwa Mwingereza nyie!" Halafu anagonga bakora chini, twaa!

Mimi mwenyewe ni mtoto wa fomu foo, kwa hiyo maneno hayo yananihusu. Siku moja nikamwamkia, shikamoo babu, nikamuuliza kwa adabu zote: Babu, darasa la kwanza mlianza wangapi? Akafikiri, akasema arobaini na kitu. Na la nane mkafika wangapi? Mzee akacheka mpaka machozi. "Mimi na mwenzangu mmoja, naye alikuwa mtoto wa mwalimu."

Umeona mambo hayo? Arobaini wameanza, wawili wamemaliza, halafu wawili hao ndio tunaoambiwa tuwatazame kama sampuli ya elimu ile. Wale thelathini na nane hawapo kijiweni kutusimulia. Nikaona hapa pana kasheshe, ngoja nichimbe.

Na nilichokikuta ni hiki. Mwaka 1961, bendera ya Mwingereza inateremka, watoto waliokuwa shule za msingi Tanganyika nzima walikuwa kama 490,000, na wengi wao safari yao iliishia darasa la nne. Sekondari zote walikuwa 11,832. Fomu siksi je? Kaa vizuri msomaji wangu: 176. Nchi nzima! Leo hao unawapata kwenye shule moja tu ya kata, tena wanagombania madawati. Mwalimu Nyerere naye alikuwa hachoki kukumbusha kwamba Mwingereza alitutawala miaka 43, akatuachia wahandisi wawili na madaktari 12.

Sasa usije ukadhani walishindwa. Hawakushindwa bwana, walipata walichokuwa wanakitafuta. Mjerumani alipofungua shule ya serikali pale Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, alitaka makarani, wakalimani na maakida wa kumkusanyia kodi. Akawafundisha kwa Kiswahili, akawapata, mambo yake yakamnyookea. Mwingereza alipoingia baada ya Vita ya Kwanza akawakuta watu hao hao wanajua kusoma na kuandika, akawachukua juu kwa juu.

Halafu mwaka 1924 ikapita Afrika Mashariki tume ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka Marekani, kuangalia mwafrika afundishwe nini. Ndani yake alikuwemo hata mweusi mwenzetu, Dk. Aggrey kutoka Gold Coast, nchi ambayo leo tunaiita Ghana. Ushauri wao, kwa kifupi, ni kwamba elimu imfae mwafrika kule kule kijijini kwake: kilimo, usafi, kazi za mikono. Ukisikia hivi unasema safi sana, mbona hata sisi tunataka masomo ya ufundi! Lakini tulia. Mtoto wa Kizungu wa Tanganyika hakuambiwa elimu yake imfae kijijini. Shule zilikuwa mafungu matatu, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila fungu na majengo yake na bajeti yake, na mambo yakaenda hivyo hadi Januari 1962, uhuru umeshapatikana, ndipo zilipounganishwa.

Kituko kinachonifurahisha zaidi ni cha Malangali, Nyanda za Juu Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mwalimu mkuu wa Kizungu, bwana Mumford, aliamua shule ifuate mila. Mabweni yajengwe kwa mtindo wa nyumba za Wahehe, wazee waje kufundisha jadi, vijana watupe mikuki na kucheza ngoma. Mzungu wa watu alikuwa na nia nzuri, simsemi vibaya. Ila jiweke kwenye viatu vya yule mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe akajue Kiingereza, halafu likizo dogo anarudi bingwa wa kutupa mkuki. Si alikuwa anajifunza na babu yake bure?

Tabora ndiyo waliipa heshima. Ilifunguliwa 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu hasa, ili baadaye watawale kwa niaba ya gavana. Nyerere alifika pale 1937 akitokea Mwisenge, Musoma. Yaliyofuata mnayajua, na sidhani kama ndiyo matokeo waliyoyatarajia.

Basi hiyo ndiyo shule. Sasa twende kwenye mshiko, maana serikali haijengi shule tu. Inajenga reli, inanunua karatasi, madawa, mabomba, mpaka stempu. Tenda hizo alikuwa anakula nani?

Hapa lazima uwajue Crown Agents. Hawa walikuwa na ofisi yao London tangu 1833, na ndio waliokuwa wanazinunulia serikali za makoloni vifaa vyao. Serikali ya Dar es Salaam ikitaka chuma cha reli, oda inakwenda London, London inanunua kwa makampuni inayoyajua yenyewe, mzigo unapanda meli. Kodi ya kichwa ya mkulima wa Sumbawanga inageuka mshahara wa kibarua wa Birmingham. Fundi wetu angeweza kuwa mkali kuliko wote, jembe lake linakata mawe, lakini mlango wa tenda ulikuwa mtaa mwingine kabisa, ng'ambo ya bahari.

Tenda kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya karanga, na hii nitakaa nayo kidogo kwa sababu ni sinema kamili.

Vita ya Pili imekwisha, Uingereza haina mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 bosi mmoja wa kampuni ya UAC, mtoto wa Unilever, jina lake Frank Samuel, akaja na wazo: tulime karanga Tanganyika kwa mashine. Serikali ya Uingereza ikatuma tume ya watu watatu, ikiongozwa na John Wakefield. Wakazunguka wiki tisa, sehemu nyingi wakizitazama kutoka juu ndani ya ndege, wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Na nani akapewa kazi ya kuuanzisha mradi mwaka 1947? UAC hao hao waliotoa wazo! Walishika kama mawakala mpaka 1948, likaja shirika la serikali yao kuchukua usukani.

Wakaanzia Kongwa. Jamani, Kongwa! Ugogoni, nchi ambayo njaa zake zina majina kama watoto. Ile ya Mtunya, baada ya Vita ya Kwanza, watu wazima wa 1947 walikuwa bado wanaikumbuka kwa macho yao. Angeulizwa bibi yeyote wa Kigogo angesema mvua ya huku haina ahadi, na udongo huu ukikauka unakuwa tofali. Lakini bibi hakuwa na cheti, na shule ya kumpa cheti mjukuu wake iliishia darasa la nne.

Matrekta yakaja, mengine makuukuu ya jeshi, yakavunjika. Mibuyu ikagoma kung'oka. Wakachukua vifaru vya vita aina ya Sherman, kampuni ya Vickers ikavigeuza matrekta na kuvibatiza jina la Shervick. Huo nao ulikuwa uvumbuzi, tuwape haki yao, japo Kongwa ulikuwa kimeo. Mwaka wa kwanza walipanga kulima ekari 150,000, wakapanda kama 7,500. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikanyoosha mikono, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa kwenye vitabu. Sisi tungefanya hivyo tungesimangwa mpaka kiama.

Sasa ona mzunguko wenyewe ulivyo. Majumba ya karanga yaliyobaki Kongwa yakatumika kama shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, mpaka ilipofungwa 1958. Mwaka 1959 ikafunguliwa nyingine ya kifahari pale Iringa, St Michael's and St George's, kwa watoto hao hao. Tanganyika ilikuwa imebakiza miaka miwili tu ipate uhuru, na mtoto wa Kigogo bado anasubiri darasa la tano. Shikilia hapo hapo Iringa, nitarudi.

Kabla ya kurudi kuna kufuli la tatu, na hili ndilo lililonishika zaidi kwa sababu linamgusa mshikaji wangu. Mchizi huyu ni fundi wa Gerezani, amechomelea mashine ya kubangua karanga kwa vyuma chakavu na injini ndogo ya pampu. Inabangua kinoma. Akaniuliza, "Mwandishi, nikitaka mtu asinikopi nafanyaje?" Nikamwambia kuna kitu kinaitwa hataza, yaani hati ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wa fulani, mwingine asiutengeneze bila ruhusa yake mpaka muda fulani upite. Siku hizi unaiomba BRELA, na chombo chako kiwe kipya, kiwe na ubunifu ndani yake, na kiweze kutengenezwa na kutumika viwandani. Akauliza swali la maana: "Wazee wetu wa Gerezani walikuwa wanaomba wapi?"

London! Sheria ya usajili wa hataza ya Tanganyika, ile Sura ya 217, haikumpa msajili wa Dar uwezo wa kupima uvumbuzi wala kuutolea hataza mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuandikisha upya hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza. Vickers na mwenzake walikuwa wanapata kwao, halafu wanakuja kugonga mhuri huku. Fundi wa Gerezani hakukatazwa, la hasha. Alitakiwa tu aandike maombi kwa Kiingereza cha kisheria, achore michoro, alipe wakala, na ayapeleke Uingereza, wakati serikali hiyo hiyo ilikuwa imemfundisha mpaka darasa la nne, tena kilimo cha bustani.

Na kabla hatujamtupia mkoloni kila kitu: sheria ile haikuondoka na bendera. Sheria yetu wenyewe ilitungwa 1987 na kuanza kufanya kazi 1994. Miaka 33 baada ya uhuru bado tulikuwa tunaomba ruhusa ya kuvumbua kwa yule yule aliyekwisha kuondoka. Hilo nalo babu wa Magomeni alipaswa kutugongea bakora.

Turudi Iringa. Baada ya uhuru, ile shule ya kifahari ya watoto wa Kizungu ikawa Mkwawa High School, na kati ya vijana walioingia pale alikuwemo Erasto Mpemba. Huyu, mwaka 1963 akiwa fomu three Magamba, kule Lushoto, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza zinagombaniwa, akaona asisubiri maziwa yapoe, akayasukumiza yakiwa moto. Saa moja na nusu baadaye ya kwake yameganda, ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha bado. Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Alipong'ang'ania tena kwa mwalimu wa Mkwawa, akaambiwa hiyo si fizikia ya dunia, ni fizikia ya Mpemba, na darasa zima likaidaka: akikosea hesabu, hiyo ni hisabati ya Mpemba!

Pale Mkwawa alikuja mgeni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, siku hizo kikiitwa University College. Mpemba akasimama akauliza swali lile lile, wenzake wakaangua kicheko. Osborne hakucheka. Alirudi Dar akamwambia fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta majibu kwamba kweli, ya moto yameganda kwanza, ila asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Huyo naye alikuwa amesoma akaiva.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakaandika makala kwenye jarida la Uingereza, Physics Education. Kitu kama kile huwezi kukitolea hataza, maana ni cha maumbile, si mashine. Mwenyewe hakuwa profesa wa fizikia, maisha yake aliyapitisha kwenye mambo ya wanyamapori. Lakini ile kejeli ya darasani ndiyo iliyogeuka jina ambalo wanasayansi wanalitumia dunia nzima, "Mpemba effect". Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kuieleza sababu yake, wakajitokeza watu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 wengine wa huko huko Uingereza wakapima upya wakasema hawajaiona. Ubishi unaendelea, na unafanyiwa maabara, si kijiweni.