Bahari sebuleni: Kwa nini maji ya chumvi ya Ukambani hayafai kwa matumbawe

MKAZI wa Kitui au Makueni hahitaji kuelezwa maana ya maji ya chumvi. Katika sehemu nyingi za kaunti hizi mbili, kisima hugharimu pesa nyingi kuchimbwa, kisha maji yanayopatikana huwa makali kiasi kwamba chai hukataa kuiva vizuri, sabuni haitoi povu na ng'ombe huyanusa na kugeuka. Si ajabu basi kwamba mtu anayetamani kufuga samaki wa baharini nyumbani, mjini Wote, Mwingi au Kibwezi, huuliza swali hili kabla ya mengine yote: kwa kuwa chumvi ipo tele ardhini, kwa nini aisake Mombasa?

Swali ni la busara, na jibu lake ndilo msingi wa elimu nzima ya kutunza tangi la matumbawe.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Kisima kinacholalamikiwa na kijiji kizima kwa kawaida hubeba gramu chache tu. Lakini tofauti kubwa zaidi haiko katika wingi bali katika mchanganyiko. Asilimia 85 hivi ya chumvi ya bahari ni sodiamu na kloridi, na iliyobaki ni magnesi, salfeti, kalisi, potasi na madini mengine ambayo uwiano wake haubadiliki sana, iwe ni Lamu, Zanzibar au Muscat. Viumbe wa mwamba wamezoea uwiano huo kwa mamilioni ya miaka. Maji ya kisima hubeba kile ambacho mwamba wa mahali hapo umeyapa: huku salfeti nyingi, kule magnesi, pengine floridi ile ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Ukiongeza chumvi ya jikoni juu yake, unapata maji machungu zaidi, si bahari.

Hata chumvi ghafi inayovunwa Gongoni, kaskazini mwa Malindi, haiwezi kurudishwa majini ikawa bahari tena. Maji yanapokaushwa na jua, kalisi hutangulia kutuama, chumvi ya kula hufuata, na magnesi hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Mfuko unaofika sokoni ni karibu sodiamu na kloridi tupu. Hiyo inatosha kwa ugali na mboga. Tumbawe, ambalo hujenga mifupa yake kwa kalisi, haliwezi kuishi kwayo.

Njia zinazobaki ni mbili. Ya kwanza ni kununua chumvi maalumu ya matangi, iliyochanganywa viwandani kwa uwiano wa bahari. Tangi la lita 200 huhitaji kilo 7 hivi kujazwa mara ya kwanza. Ya pili ni kuyafuata maji yenyewe Pwani. Kaunti ya Makueni ina bahati hapa, kwani barabara kuu ya Mombasa na reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 hupita Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Maji yachotwe mbali na bandari, na mabomba ya maji taka na midomo ya mito, yawekwe katika mitungi ya plastiki isiyowahi kubeba mafuta wala dawa, kisha yaachwe gizani yatulie kabla ya kutumiwa. Kwa kuwa mfugaji hubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, tangi la lita 200 hudai mtungi mmoja wa lita 20. Ni mzigo mdogo, ila ni wa kila wiki.

Yeyote anayechanganya chumvi nyumbani anahitaji maji yasiyo na kitu ndani yake, na hapo ndipo Ukambani humshangaza mgeni. Kitui inajulikana kwa mabwawa yake ya mchanga na kwa majabali yanayokingiwa ukuta ili kukusanya mvua. Maji ya mvua karibu hayana chumvi kabisa. Hatari yake ni mahali yalikopitia. Mabati mengi hupakwa zinki, na chembe za zinki zinazosombwa na mvua, ambazo binadamu hazidhuru, zinatosha kuua kamba, konokono na matumbawe. Mifereji na mabomba ya shaba ni mabaya zaidi. Kwa hiyo maji ya paa yapitishwe kwanza katika mtambo wa kuchuja kwa utando, ule ule unaotumiwa na wauzaji wa maji ya kunywa mitaani. Maji ya kisima nayo yaweza kupitishwa humo, ingawa mtambo hutupa sehemu kubwa ya maji kwa kila lita unayoikamua, na katika eneo ambako punda hutembea kilomita kadhaa kwa mitungi minne, hesabu hiyo si ya kupuuzwa. Maji yanayotupwa yana chumvi zaidi kuliko yalivyotoka kisimani, lakini yanaweza kuoshea sakafu.

Tangi likishajazwa, hakuna samaki anayetiwa. Hili ndilo jambo linalowashinda wengi, kwa kuwa linadai subira ya wiki nne hadi sita za kutazama kioo kitupu. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu na choo, na amonia ni sumu. Aina moja ya bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, kisha aina nyingine huigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo kwa kiasi kidogo huvumilika. Bakteria hawa hawanunuliwi wakubwa. Huota polepole juu ya mawe yenye vinyweleo. Mnamo 1961 mfugaji wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliueleza ulimwengu jinsi alivyokuwa akitunza matumbawe kwa mawe yaliyotoka mwambani pamoja na viumbe wake na viputo vya hewa tu, bila mitambo mikubwa. Wazungu walikuwa wamejaribu bahari ya kioo tangu miaka ya 1850, London ikiwa mbele, lakini ni fikra ya mawe yaliyo hai ndiyo iliyofungua mlango kwa nyumba za kawaida. Leo mfugaji mwadilifu hutumia mawe makavu na kuyaotesha bakteria mwenyewe.

Baada ya hapo kazi hugeuka kuwa ya vipimo. Chumvi ibaki gramu 35 kwa lita, joto kati ya nyuzi 24 na 27, kalisi kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesi karibu 1,300. Matumbawe yakikua hula kalisi na kabonati kila siku, na wengi hurudisha upungufu huo kwa maji ya chokaa safi yanayodondoshwa usiku. Wajenzi wa Lamu walichoma matumbawe ili wapate chokaa. Mfugaji hutia chokaa ili apate matumbawe.

Kosa la kawaida hutokea hapa. Maji hupungua kwa mvuke, na mfugaji huongeza maji ya chumvi. Chumvi haipandi na mvuke. Tangi la lita 200 likipoteza lita 20 hubaki na chumvi yote ya mwanzo, na kiwango hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 39 kwa lita. Kinachofaa ni kujaza maji baridi yaliyochujwa, kidogo kidogo, kila siku.

Katika hewa kavu ya Makueni upungufu huo ni mkubwa, lakini ukavu huo huo ni dawa. Mwezi Februari chumba cha mabati Kibwezi huweza kupita nyuzi 30 mchana, kiwango ambacho matumbawe hayakivumilii kwa muda mrefu. Tumbawe huishi kwa ushirika na mwani mdogo uliomo ndani ya mwili wake. Mwani hutengeneza chakula kwa mwanga na tumbawe huupa makao. Joto likizidi, ushirika huvunjika, mwani hufukuzwa na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Ndivyo ilivyotokea katika Pwani ya Kenya mwaka 1998, wakati joto la El Niño lilipoua sehemu kubwa ya matumbawe. Mkazi wa Mombasa akiwasha feni juu ya tangi hupata nafuu ndogo, maana hewa ya huko imeshiba unyevu. Wa Wote akifanya hivyo, maji huvukiza haraka na kupoa kwa nyuzi kadhaa. Usiku wa Julai ni kinyume chake, na kipasha joto kidogo huhitajika.

Umeme ni suala jingine. Usiku wa Agosti 25, 2023, taa zilizimika karibu nchi nzima, na baadhi ya maeneo yakakaa gizani kwa saa nyingi. Katika hali hiyo samaki hafi kwa kukosa mwanga bali kwa kukosa hewa: pampu ikisimama, uso wa maji hautikisiki na oksijeni haiingii. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, au kipande cha sola chenye betri ya gari, ni kifaa cha kununuliwa kabla ya samaki wa kwanza. Nani angefuga kuku bila kujenga banda?

Kuhusu wakazi wenyewe wa tangi, uzuri ni mshauri mbaya. Kitatange, pamoja na mistari yake ya manjano, mara nyingi hula vinywa vya matumbawe hai. Atayamaliza matumbawe au atakufa njaa. Kangaja wa rangi ya buluu anayevuliwa sana Pwani huogelea mwambani mchana kutwa na huhitaji tangi la zaidi ya lita 400. Samaki msafishaji, anayewatoa wenzake wadudu, hukonda asipopata wateja wa kutosha. Anayefaa kuanza naye ni yule samaki mdogo wa anemoni aliyepata umaarufu kwa filamu ya mwaka 2003. Huzalishwa katika matangi, hula anachopewa, na huishi miaka mingi. Wote huanza maisha wakiwa madume, na katika kila jozi yule mkubwa hugeuka kuwa jike. Akifa, mume wake hushika nafasi yake.

Samaki akiugua, dawa zenye shaba zitiwe katika ndoo ya pembeni, kamwe si katika tangi, kwani zitaua kamba na matumbawe yote.

Sheria nayo ina neno lake. Katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuondoka hata na kome mmoja. Matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na kuyavusha mpaka hudai kibali. Uvuvi wa samaki wa mapambo Pwani ni biashara ya miongo kadhaa yenye leseni, inayofanywa na wapiga mbizi kwa nyavu za mkono, na sehemu kubwa ya samaki hao husafirishwa ng'ambo. Mnunuzi na adai stakabadhi. Na asiyetaka samaki wake tena asiwatupe baharini ovyo: samaki-simba wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, walioingia Atlantiki kutokana na matangi ya Marekani, wameenea hadi Karibi na kula samaki wachanga wa huko bila kipingamizi.

Lipo pia suala la maji yanayotolewa. Lita 20 za bahari zina gramu 700 za chumvi. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 36. Zikimwagwa kila wiki chini ya mwembe au kwenye mistari ya ndengu, udongo utaharibika kabla ya mwenye shamba kujua sababu. Zianikwe juani katika karai pana mpaka zikauke, kisha chumvi itupwe pasipo na mmea wala kisima.

Kwa wanaodhani kwamba matumbawe na Ukambani havina uhusiano wowote nje ya kioo, upo mto Athi. Hupita mpakani mwa Kitui na Makueni, huungana na Tsavo ukaitwa Galana, na karibu na bahari huitwa Sabaki. Humwaga maji yake kaskazini mwa Malindi, na kila msimu wa mvua bahari ya huko hugeuka nyekundu kwa udongo wa bara. Mwaka 2007 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Dominik Fleitmann lilichapisha matokeo ya kuchunguza tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300. Tumbawe hujenga tabaka kila mwaka kama pete za mti, na bariamu inayoachwa na udongo wa mto hunaswa humo. Kwa miaka 200 ya kwanza kiwango kilikuwa karibu sawa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikaanza kupanda, na kuanzia miaka ya 1920 udongo ulioingia baharini ukawa umeongezeka mara kadhaa.

Ni miaka ile ile ambayo watawala wa kikoloni waliwalaumu Wakamba na ng'ombe wao kwa mmomonyoko, hadi mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo. Maskwota, mashamba ya walowezi na kubanwa kwa wenyeji katika vilima havikutajwa sana wakati huo. Baadaye wakulima wa Machakos na Makueni walichimba matuta ya fanya juu kwa maelfu ya kilomita, na yanaonekana mpaka leo kwenye miteremko ya Mbooni. Udongo unaozuiwa na tuta la Mbooni ni udongo usiofika kwenye matumbawe ya Malindi.