Kitabu Chema Hakijiuzi

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii huenda ikafaa bidhaa nyingi, lakini katika uwanja wa vitabu ukweli wake una mipaka. Kitabu hakina harufu ya kumvuta mpita njia. Uzuri wake umefichika baina ya majalada mawili, na aghalabu haujulikani mpaka ajitokeze msomaji aliyekwisha kuuonja, awasimulie wenziwe.

Desturi hiyo si ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Kabla ya mitambo ya uchapishaji kuenea katika pwani ya Afrika Mashariki, tendi zilinakiliwa kwa mkono katika hati ya Kiarabu na kusomwa kwa sauti mbele ya hadhira. Mwana Kupona binti Mshamu alipoutunga utendi wake mwaka 1858, alimkusudia bintiye, Mwana Hashima. Hata hivyo, utendi huo ulivuka kuta za nyumba yao, kwani waliousikia waliuthamini, wakaunakili na kuwapokeza wengine. Hapakuwapo mtihani uliowalazimisha kufanya hivyo.

Nchini Kenya, riwaya na tamthilia za Kiswahili zimewafikia wasomaji wengi kupitia orodha ya vitabu teule vya shule za sekondari. Riwaya za Ken Walibora, Siku Njema (1996) na Kidagaa Kimemwozea (2012), ni mifano mizuri. Faida ya utaratibu huu haikanushiki: mchapishaji hupata soko, na kizazi kizima hupata kitabu kimoja cha kuzungumzia. Lakini orodha hiyo ni upanga wenye makali kuwili. Kitabu kinapoondolewa humo, mauzo yake hudidimia. Na kisichowahi kuingizwa huenda kikasahaulika hata kikiwa bora. Isitoshe, mwanafunzi aliyezoea kusaka maudhui na tamathali za usemi kwa ajili ya alama anaweza kufika chuo kikuu bila kuwahi kusoma kitabu cha Kiswahili kwa hiari yake.

Pengo hilo huzibwa na mazungumzo ya wasomaji wenyewe. Swali jepesi la "unasoma nini siku hizi?" lina uzito, mradi lijibiwe vyema. Jibu zuri si muhtasari wa hadithi, kwani muhtasari humwonjesha msikilizaji mwisho kabla ya mwanzo. Jibu zuri hueleza mambo matatu: kilichomshika msomaji, ugumu uliomo, na mtu anayefaa kukisoma kitabu hicho.

Kwa mfano, mpenzi wa mafumbo ataelekezwa kwenye Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammed Said Abdulla, ambamo Bwana Msa hufumbua siri ya mauaji kwa kutumia akili. Anayevutiwa na historia ataambiwa kuhusu Kuli (1979) ya Adam Shafi, inayosawiri maisha ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Naye atakayepewa Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi hana budi kutahadharishwa kwamba masimulizi yake hayafuati mkondo wa kawaida, bali hukaribia ndoto. Asipoonywa, atakitupa kitabu katika kurasa za mwanzo akidhani kasoro ni yake. Akionywa, atavumilia.

Wahadhiri nao wana nafasi yao. Mhadhiri anayekitaja darasani kitabu anachokisoma kwa raha yake, kisicho katika silabasi, huwadhihirishia wanafunzi kwamba usomaji haumaliziki kwenye ukumbi wa mtihani. Kadhalika, nakala moja inayopokezanwa na wanafunzi kumi huzaa wasomaji kumi, na baadhi yao ndio wanunuzi, walimu na watunzi wa kesho. Uhakiki wa kitaaluma utaendelea kupima vitabu kwa nadharia zake. Lakini kitabu kisichosomwa na yeyote hakina hata wa kukihakiki.