Barabara Kuu ya Eyre

Barabara Kuu ya Eyre ni barabara ya kusini mwa Australia inayounganisha mji wa Norseman, katika Australia Magharibi, na Port Augusta, katika Australia Kusini. Urefu wake ni takriban km 1,660. Hutumiwa sana na wasafiri wanaovuta karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu yenye vitanda na jiko.

Jina linatokana na Edward John Eyre, aliyepita huko mwaka 1841 akinusurika kufa kwa kiu. Wenyeji asilia walimwonyesha mahali pa kuchimba maji kwenye vilima vya mchanga, na mwenzake Wylie, mmoja wao, ndiye pekee aliyefika naye Albany.

Lami ilikamilika mwaka 1976, lakini maji bado ni haba. Uwanda wa Nullarbor ni wa mawe ya chokaa: mvua huzama chini na hakuna mito. "Miji" kama Caiguna na Cocklebiddy, inayoonekana kwenye ramani, kwa kweli ni vituo vya mafuta vyenye mkahawa na vyumba vya kulala. Mwenye karavani hubeba maji yake mwenyewe. Kati ya Balladonia na Caiguna barabara hunyooka km 146.6 bila kona hata moja.

Mashariki zaidi yako magenge ya Bunda juu ya bahari, na karibu nayo Head of Bight, ambako nyangumi huja kuzaa majira ya baridi. Matunda hukaguliwa na kuzuiwa njiani kwa kuhofia wadudu waharibifu: waendao magharibi kwenye mpaka wa majimbo, waendao mashariki Ceduna.