Mtunza Bustani na Sindano ya Pepopunda

Kisenyi ni mtaa wa bondeni, chini ya kilima cha Mengo mjini Kampala, jirani na soko la Owino ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe. Wanaoufahamu huujua kwa mashine zake za kusaga mahindi, kwa wafanyabiashara wa vyuma chakavu, na kwa maduka na hoteli za Wasomali. Nyumba zimebanana, na mahali pa kupiga jembe ni haba. Hata hivyo, watu wa mitaa kama huu hawakuacha kulima. Gunia kuukuu hujazwa udongo na samadi, likatobolewa ubavuni, na mboga zikaota pande zote: sukuma wiki, nakati, dodo na vitunguu. Ndoo iliyopasuka hupandwa nyanya, na tairi lililochakaa hupandwa biringanya.

Bustani ya namna hii ni msaada mkubwa kwa nyumba. Hupunguza gharama ya kitoweo, na watoto hupata mboga mbichi kila siku. Lakini liko jambo moja ambalo wenye bustani hulisahau, nalo ni sindano ya kuzuia pepopunda. Je, mtu mwenye magunia matatu tu ya mboga nyuma ya nyumba anaihitaji kweli? Na yule aliyechanjwa zamani, yampasa achanjwe tena? Jibu fupi ni ndiyo. Na kwa hali ilivyo Uganda, jibu hilo linawahusu wanaume hata zaidi ya wanawake. Sababu zake ni hizi zifuatazo.

UDONGO, WALA SI KUTU

Watu wengi huamini kwamba pepopunda huletwa na kutu ya msumari. Imani hiyo si sahihi. Ugonjwa huu huletwa na kijidudu kinachoishi katika udongo, na katika matumbo ya ng'ombe, mbuzi, farasi, kuku na wanyama wengine. Kikiwa nje ya mwili hujifunika gamba gumu, kikawa kama mbegu iliyolala. Katika hali hiyo hustahimili ukame na hata dawa nyingi za kuua vijidudu, na chaweza kukaa ardhini miaka mingi kikingoja. Msumari wenye kutu ni wa hatari kwa sababu umelala mchangani na huchoma ndani sana, si kwa sababu ya kutu yenyewe. Mwiba mbichi usio na kutu hata chembe waweza kuleta maradhi yale yale.

Basi, ikiwa samadi ni makao ya kijidudu hiki, mtunza bustani hukutana nacho kila asubuhi. Jambo hili lilithibitika kwa uchungu katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1914 askari walipigana katika mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa yaliyotiwa samadi kwa vizazi vingi. Majeraha yao yakajaa udongo ule, na pepopunda ikawashika wengi katika miezi ya kwanza, mpaka ilipoamriwa kila majeruhi adungwe dawa ya kupinga sumu. Aliyeongoza kamati ya Waingereza ya kuuchunguza ugonjwa huo alikuwa David Bruce, daktari yule yule aliyefika Entebbe mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale.

JERAHA DOGO HALIDHARAULIWI

Kijidudu cha pepopunda hakipendi hewa. Jeraha pana linalotoka damu nyingi hupata hewa na hujisafisha kidogo. Tundu dogo lenye kina, lililojifunga juu na kubakiza uchafu ndani, ndilo kinalolipenda. Humo mbegu huamka, huzaana, na kutoa sumu kali inayoishika mishipa ya fahamu.

Tumfikirie mzee mmoja wa nyumba kama zile za Kisenyi. Anachanganya udongo kwa mikono, kandambili miguuni. Katika udongo ule mmebaki kipande cha waya. Kinamchoma kidoleni, damu inatoka tone moja, naye anajipangusa katika suruali na kuendelea na kazi. Jioni anapaka majivu. Siku ya tatu amekwisha sahau. Siku ya nane au ya kumi anaona taya ni zito, kutafuna kunamshinda. Nyumbani wanadhani ni jino. Kesho yake shingo imekakamaa, tumbo limekuwa gumu kama ubao, na kumeza mate ni taabu. Kisha mlango unapobamizwa, au taa inapowashwa ghafla, mwili wote unakazana na mgongo unapinda kama upinde. Na jambo linalohuzunisha zaidi ni kwamba akili yake i timamu muda wote. Anayasikia maumivu yote.

Kwa kawaida dalili hutokea kati ya siku ya 3 na ya 21 baada ya kuumia. Wakati huo dawa ya kupinga sumu yaweza kuizuia ile sumu ambayo bado haijaishika mishipa, lakini ile iliyokwisha kushika haing'oki. Mgonjwa huhitaji kulazwa wiki nyingi mahali pa utulivu, akipewa dawa za kulegeza misuli, na pengine akisaidiwa kupumua kwa mashine. Asipopata matibabu hayo, ni wachache mno wanaopona. Na hata akipona, yampasa achanjwe, kwa kuwa ugonjwa wenyewe hauachi kinga mwilini.

NANI AMEKINGWA?

Mwaka 1889 Kitasato, mtaalamu wa Kijapani, alifaulu kukiotesha kijidudu hiki peke yake. Katika miaka ya 1920 Gaston Ramon wa Ufaransa akagundua namna ya kuiondolea makali sumu yake, ili mwili ujifunze kuitambua bila kudhurika. Huo ndio msingi wa chanjo inayotumika mpaka leo.

Nchini Uganda mpango wa taifa wa kuchanja watoto ulianzishwa mwaka 1983, na vita vya miaka ile viliuzuia kufika sehemu nyingi. Maana yake ni kwamba wengi wa wale waliozaliwa kabla ya hapo hawakupata chanjo hiyo utotoni. Wanawake walipata njia ya pili: kila aliyekwenda kliniki ya wajawazito alidungwa sindano ya pepopunda ili kumlinda yeye na mtoto atakayezaliwa. Juhudi hiyo ilizaa matunda. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Uganda imeiondoa pepopunda ya wazazi na watoto wachanga, yaani imeshuka chini ya mtoto 1 katika kila watoto 1000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya.

Lakini mwanamume haendi kliniki ya wajawazito. Pengo hilo lilionekana waziwazi wakati mpango wa tohara kwa wanaume ulipopanuliwa katika nchi kadhaa za Afrika. Baadhi ya waliotahiriwa walishikwa na pepopunda, na miongoni mwao wapo waliokuwa Uganda. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri suala la chanjo ya pepopunda lishughulikiwe pamoja na huduma ya tohara. Ikiwa kidonda kilichotunzwa na waganga kilihitaji kinga, seuze kidole kilichochomwa ndani ya gunia la samadi!

Yafaa pia kukumbuka tofauti moja kubwa kati ya pepopunda na maradhi kama surua. Surua huambukizwa kutoka mtu hadi mtu. Kwa hiyo wengi wakichanjwa, hata asiyechanjwa hupata ahueni. Pepopunda haiambukizwi hivyo. Hutoka ardhini, na ardhi haichanjwi. Mke akiwa na sindano zote tano, mumewe hapati kinga hata kidogo kutoka kwake.

SINDANO NGAPI?

Mtoto wa Uganda hupata sindano tatu, akiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Hizo ni msingi mzuri, lakini nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Shirika la Afya Duniani linashauri nyingine tatu za kukumbushia mwili: katika mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Aliyepata zote sita hutarajiwa kuwa na kinga kwa sehemu kubwa ya utu uzima wake. Nchi nyingine, kama Marekani, huwataka watu wazima warudie kila baada ya miaka 10.

Mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa, au asiyekumbuka, huanza upya. Hupata sindano ya kwanza, ya pili baada ya wiki 4 au zaidi, na ya tatu baada ya miezi 6 au zaidi. Kisha hupata mbili za kuimarisha, zikiachana mwaka mmoja au zaidi. Utaratibu huo wa sindano tano ndio ulio katika kadi za akina mama. Sindano moja peke yake haitoshi, na kukatiza njiani ni sawa na kujenga ukuta usiofika darini. Madhara yake ni madogo: mkono kuuma na pengine homa kidogo kwa siku moja au mbili.

Akiumia, mtunza bustani asingoje. Kwa jeraha lenye udongo au samadi, waganga huongeza sindano ikiwa ya mwisho imepita miaka 5; kwa jeraha safi, ikiwa imepita miaka 10. Ambaye hakutimiza sindano tatu, na jeraha lake ni chafu, huhitaji chanjo pamoja na dawa ya kupinga sumu.

BUSTANINI NA NYUMBANI

Chanjo haiondoi haja ya uangalifu. Kabla ya kujaza gunia, udongo na uchekechwe ili kuondoa misumari, waya na vigae vya chupa. Viatu vilivyofungwa ni bora kuliko kandambili, na anayeshika samadi avae glovu nene. Jeraha lolote lioshwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, na uchafu uliomo uondolewe. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, tumbaku na oili ya magari visipakwe kamwe. Badala ya kuponya, huweza kuingiza vijidudu vingine na kuziba hewa. Baada ya hapo, safari iwe ya kituo cha afya. Wakazi wa Kisenyi wana Kituo cha Afya cha Kisenyi papo hapo mtaani, na mhudumu ataweza kueleza ni sindano gani inayotakiwa na wapi itapatikana.

Mwisho, kadi. Katika nyumba nyingi kadi ya mama imehifadhiwa vizuri sandukuni pamoja na za watoto. Kadi ya baba haipo, na ya babu haijawahi kuandikwa. Leo jioni, baada ya kumwagilia mboga, sanduku hilo na lifunguliwe na kila mtu aulizwe: ya kwako iko wapi? Atakayekosa jibu ndiye wa kutangulia kituoni kesho asubuhi, kabla hajashika jembe.