Osha injini, usioshe ushahidi

Ndugu wasikilizaji, wiki hii naomba tufungue boneti. Sina maana ya boneti ya gari jipya, ambalo ukilifungua unakutana na mfuniko mkubwa wa plastiki na huna pa kushika. Nazungumzia pikapu kuukuu, ile ambayo ukiingiza mkono kutafuta kijiti cha kupimia oili unautoa mweusi mpaka kwenye kiwiko.

Mjomba wangu alikuwa nayo moja, Toyota Hilux ya mwaka 1982. Ni ya kizazi cha tatu cha Hilux, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1978, miaka kumi baada ya Hilux ya kwanza. Injini yake ni 12R ya petroli, yenye sentimita za ujazo 1,587, kabureta na distribyuta, vitu ambavyo fundi yeyote wa chini ya mwembe anavifahamu. Imebeba matofali, imebeba mchanga, imebeba maharusi na imebeba majeneza. Siku moja mjomba akaamua kuiuza ili apate fedha za kuezekea nyumba, akamwita dalali.

Dalali akafungua boneti, akakunja uso, akasema: "Mzee, gari zima hili, lakini humu ndani panatisha. Wape vijana waimwagie maji ya pampu, kisha piga rangi nyeusi kila mahali, mipira pakaa dizeli ing'ae. Mnunuzi hataona kitu."

Hataona kitu! Neno hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Maana mimi nilikuwa nimekaa pale barazani nakunywa chai, nikamwambia mjomba: "Shikamoo yako bado naidai baraka, mjomba, lakini usimsikilize huyu. Nipe siku nne." Dalali akaenda zake amenuna.

Sasa tuelewane. Uchafu wa ndani ya boneti si vumbi tu. Ni oili inayovuja kidogo kidogo, ikakamata vumbi la barabarani, ikaokwa na joto la injini kwa miaka mingi mpaka ikawa kama sima iliyoungua chini ya sufuria. Ganda hilo linazuia joto lisitoke kwenye chuma, na pia linaweza kushika moto. Lakini lina faida moja ambayo watu hawaijui: limeandikwa. Kila tone lililovuja limeacha alama yake humo. Ukimwaga maji kabla hujasoma, umefuta barua kabla ya kuifungua.

Kwa hiyo siku ya kwanza hatukuosha chochote. Tuliwasha tochi, tukatazama. Oili inateremka kwa uzito wake na inasukumwa nyuma na upepo wa feni, hivyo palipolowa sana chini na nyuma si lazima pawe ndipo panapovuja. Unafuata unyevu kwenda juu na kwenda mbele mpaka pale unapoanzia. Maji ya rejeta yanapovuja yanaacha ukoko mweupe au wa rangi ya kutu. Mafuta ya breki yanatafuna rangi, kwa hiyo ukiona bati limebabuka chini ya masta silinda, usiseme ni uzee, tafuta panapovuja. Tindikali ya betri inaacha unga mweupe au wa kijani-bluu kwenye vichwa vyake na kula sinia ya chuma iliyo chini.

Na petroli je? Petroli haiachi uchafu. Petroli inaosha. Palipo na petroli inayovuja utakuta kamfereji kasafi katikati ya uchafu, kana kwamba mtu amepitisha kidole.

Kamfereji hako tulikakuta. Kalianzia kwenye mpira unaotoka pampu ya petroli kwenda kwenye kabureta. Nikaushika mpira ule, ukalia kama kijiti kikavu. Ndugu wasikilizaji, haukuwa mpira wa petroli. Ulikuwa ule mpira mweupe ambao waashi wanautumia kupimia levo ya maji. Ukipitisha petroli humo, petroli inanyonya vile vilainishi vinavyoufanya uwe laini, nao unakuwa mgumu na kupasuka. Nao ulikuwa umefungwa kwa waya wa kufungia nondo badala ya klipu. Mle mle ndani ya boneti kuna manifoldi ya eksozi inayowaka joto, na kuna distribyuta inayotoa cheche kila wakati injini inapozunguka.

Mjomba akakuna kichwa. Akasema asubuhi alikuwa akisikia harufu ya petroli, akadhani ndiyo harufu ya gari zee. Na katika gari hilo, Jumamosi hadi Jumamosi, anapanda na wajukuu wawili kwenda nao shambani. Sitaki kumlaumu fundi aliyeuweka mpira ule, pengine gari liliharibika usiku njiani na ndicho kilichopatikana. Kosa letu sisi Waswahili ni kwamba cha muda tukishakifunga, tunakisahau.

Tukanunua mpira halisi wa petroli na klipu mbili pale Gerezani. Hiyo ilikuwa kazi ya kwanza, kabla hata ya kugusa sabuni.

Siku ya pili ndipo tukaosha. Injini lazima iwe baridi, iliyolala usiku kucha. Maji baridi juu ya chuma cha kusubu chenye moto yanaweza kukipasua, na mafuta ya kusafishia yakimwagikia eksozi ya moto unaomba msiba. Kisha fungua betri, ukianza na ncha ya hasi, ile inayokwenda kwenye bodi. Kwa nini hasi? Kwa sababu ukianza na chanya, spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya, umeme wote wa betri unapita kwenye spana hiyo. Ukishatoa hasi, hata spana ikigusa bodi, hakuna kitu. Wakati wa kurudisha, hasi inakuwa ya mwisho.

Betri ikatolewa nje kabisa. Unga ule wa tindikali tuliumwagia maji ya magadi, haya haya wanayotumia mama zetu kupikia kunde. Magadi yanaua tindikali. Utaona povu linapanda, na povu likiisha ujue kazi imeisha, suuza kwa maji. Angalia tu vifuniko vya betri viwe vimefungwa, maana magadi yakiingia ndani ya betri yanaiharibu.

Distribyuta, koili, altaneta na mdomo wa kabureta vyote tulivifunga kwa nailoni na kamba. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu mwaka 2019, kwa hiyo tulikata nailoni ya kutandikia iliyobaki kwenye ujenzi.

Kabla ya kumwagia kitu, tulikwangua. Kibao chembamba cha mti, si bisibisi, maana bisibisi inachana waya na mipira. Ganda lile likatoka mabonge mabonge, tukalijaza kwenye ndoo kuukuu. Hili nalisisitiza kwa sababu ganda ukiliyeyusha lote na kulisukuma kwa maji, linakwenda kwenye mtaro, na hapa Dar es Salaam mitaro mingi inaishia mto Msimbazi, ambao kando yake watu wanalima mchicha tunaokula. Ndoo moja ya uchafu mkavu ni rahisi kuihifadhi kuliko mapipa mawili ya maji yenye oili.

Kilichobaki kilipakwa mafuta ya taa kwa brashi ya rangi, kikaachwa robo saa, kikasuguliwa, kikaoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga. Vijana wengi wanaosha injini kwa petroli kwa sababu inakata uchafu upesi. Ni kweli inakata. Lakini petroli inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la Mbagala. Mafuta ya taa hayafikii hali hiyo mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Kwa hiyo nayo si maji ya kunywa. Fanyeni kazi kivulini, pasipo na sigara wala jiko la mkaa jirani. Mkanda wa feni na mipira ya rejeta usiipake mafuta ya taa wala dizeli. Mng'aro ule wa dizeli ambao madalali wanaupenda ni wa siku mbili. Baada ya hapo mpira unavimba, unalegea, na vumbi linaganda upya.

Maji yawe ya ndoo na kopo. Pampu ya nguvu inasukuma maji ndani ya viungio vya waya, na ndiyo maana magari mengi yakitoka kuoshwa yanagoma kuwaka, kisha anatafutwa mchawi.

Siku ya tatu ilikuwa ya waya. Baada ya uchafu kuondoka ndipo tulipoona honi imeungwa moja kwa moja kutoka betri bila fyuzi, na kwenye sanduku la fyuzi kuna fyuzi moja imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi imewekwa ili ife yenyewe kabla waya haujaungua. Ukiinyima kufa, kitakachokufa ni waya wote, na pengine gari. Tukarudisha fyuzi za saizi yake, tukafunga waya mbali na eksozi.

Rangi nayo ina mambo yake. Sinia ya betri ilikuwa imeliwa mpaka unaona ardhi. Fundi bodi akakata kipande cha bati akachomelea, akiwa ameondoa kwanza kila kinachoweza kuwaka karibu. Kwingine tulisugua kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikaonekana, tukapaka prima, kisha rangi ya gari lenyewe, ile ya maziwa iliyotoka nayo kiwandani. Kwa nini si nyeusi? Kwa sababu kwenye nyeusi oili haionekani. Mapezi ya rejeta hatukuyagusa, rangi nzito inaziba njia ya joto. Eksozi nayo tuliiacha, rangi ya kawaida inaungua na kutoa moshi. Na namba ya chesisi na ya injini, tafadhali sana, zifunike kwa gundi ya karatasi kabla ya kupaka, na usithubutu kuzikwangua kwa msasa. Siku ya ukaguzi utaeleza nini?

Sasa niungame kosa langu. Katika kupendezesha nilipaka rangi pia pale waya mnene wa ethi unapofungwa kutoka injini kwenda kwenye bodi. Siku ya nne tukarudisha betri, mjomba akageuza ufunguo. Stata ikalia "tik", taa zikafifia, na waya wa choki, ule unaovutwa kutoka kwenye dashibodi, ukaanza kufuka moshi! Nikapiga kelele azime. Kilichotokea ni hiki: stata inahitaji umeme mwingi sana, nao lazima urudi betri kupitia ethi. Ethi yangu ilikuwa imezibwa na rangi, basi umeme ukatafuta njia nyingine, ukapita kwenye waya mwembamba wa choki. Tulifungua nati, tukasugua mpaka chuma kikang'aa, tukapaka grisi kidogo juu baada ya kukaza ili chumvi ya pwani isikaribishe kutu. Ikawaka mara ya kwanza. Mjomba hakunisema, ila alininunulia soda akacheka peke yake.

Baada ya wiki moja mnunuzi akaja, kijana wa Kongowe anayefanya biashara ya mkaa. Mimi nilimwomba mjomba jambo moja, ampe gari aliendeshe nusu saa kabla ya kutazama injini, maana injini iliyooshwa jana husema ukweli ikishapata joto. Wakarudi. Boneti ikafunguliwa. Mle ndani palikuwa pa rangi ya maziwa, na kwenye rangi hiyo, nyuma ya mfuniko wa vali, kulikuwa na mstari mmoja mwembamba wa oili mbichi. Gasketi mpya tuliyokuwa tumeagiza ilikuwa haijafika.

Dalali, ambaye alirudi kufuata kamisheni yake, akanitazama kwa jicho baya. Mjomba akachukua tambaa, akafuta, akamwonyesha kijana panapoanzia, akampa na ule mpira wa levo uliopasuka, pamoja na risiti ya mpira mpya. Kijana akaomba apunguziwe gharama ya gasketi. Akapunguziwa hiyo tu, akahesabu fedha pale pale juu ya boneti.