Ndugu wa kifua kikuu wanaoishi majini

Kwetu Kamanyola, mji ulio ng'ambo ya mto kutoka Bugarama, mtoto hufundishwa mapema kuogopa maji machafu kwa sababu ya kipindupindu. Yapo pia maji yanayoonekana safi ambayo mgonjwa wa figo anapaswa kujihadhari nayo. Humo huishi ndugu wa bakteria wa kifua kikuu: Mycobacterium chelonae, aliyegunduliwa kwa kasa mwaka 1903, fortuitum, aliyetolewa kwa chura mwaka 1905, na abscessus. Klorini ya bombani haiwamalizi. Mtu mwenye afya huoga nao asidhurike.

Mgonjwa wa dialisisi ya tumbo ana mlango ambao wengine hawana. Mrija laini hupita ngozini hadi tumboni. Lita 2 hivi za maji ya dawa huingizwa, huvuta taka za damu, kisha hutolewa, mara 4 hivi kwa siku. Kazi hiyo haihitaji mashine wala umeme, na kwa mtu wa bondeni inamwondolea safari za kila wiki kupanda mlima wa Ngomo kwenda Bukavu kwa dialisisi ya mashine. Ndiyo maana naitetea.

Ndugu hao wakipita mlango huo, maji yanayotoka huwa na ukungu. Dawa za kawaida hazisaidii, na maabara haioteshi kitu. Hatimaye hadubini inaonyesha vijiti vyekundu, na kwetu, ambako kifua kikuu (TB) ni jirani wa kila nyumba, jibu huwa tayari mdomoni. Mgonjwa anaanzishiwa rifampisini na isoniazidi, dawa ambazo ndugu hawa watatu kwa kawaida hawazijali. Wameng'ang'ania mrijani, na mara nyingi hawaondoki mpaka mrija wenyewe utolewe. TB halisi ya tumbo nayo ipo, lakini hiyo mara nyingi hutibiwa mrija ukibaki. Kwa hiyo kukosea jina ni kukosea tiba, upande wowote.

Hadubini ikiona vijiti vyekundu na kipimo cha vinasaba cha GeneXpert kikasema si TB, majibu hayo mawili hayapingani, mara nyingi yanamtaja mmoja wa ndugu hawa. Maabara isitupe sahani za kuoteshea bakteria siku ya tatu, maana hata hawa, wanaoota upesi kuliko bakteria wa TB, huweza kuhitaji wiki nzima. Na nyumbani, mikono ioshwe kwa sabuni kisha ikaushwe kabisa kabla ya kugusa mrija: tone moja la maji linatosha kuwabeba.